Kengele ya Boya la Tatu

Mvua ilikuwa imeanza tena, ile nyembamba isiyomlowesha mtu mara moja bali humchosha pole pole, na banda la mashua lilinuka rangi, dizeli na kamba mbichi. Inspekta alivua kofia, akaikung'uta, akaiweka juu ya pipa. Kisha akapiga magoti mbele ya mashua iliyovunjika.

"Afande, sakafu ina maji," Koplo alisema.

"Nimeona."

"Na suruali ni ile ile ya jana."

"Shika tochi, Koplo."

Koplo akashika tochi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwepesi wa maneno, aliyekwisha kuzoea kwamba mkubwa wake hujibu robo tu ya anayoulizwa.

Mashua ilikuwa ndogo, nyeupe, yenye viti viwili vya plastiki vilivyofungwa sakafuni kwa boliti. Jumamosi iliyopita ilikuwa majini pamoja na nyingine, katika mashindano ya tanga ya kuchangisha fedha za kuwanunulia vyombo mabaharia wenye ulemavu. Kulikuwa na bendera, turubai la wageni, muziki na maputo. Shindano la mwisho ndilo lililongojewa na wengi: kila mashua ilibeba watu wawili, asiyeona akishika usukani, asiyeweza kutembea akishika kamba za tanga. Katika hii walikaa mtu na shemeji yake. Walikuwa wakiongoza, wenzao wako nyuma kabisa, na lilibaki boya moja tu la kuzunguka. Badala ya kulizunguka waliacha njia, wakaenda kuugonga ukuta wa mawe unaoikinga bandari. Mwenye tanga alikufa maji. Mwenye usukani, ambaye klabu nzima humwita Nahodha, alitolewa hai, na neno la kwanza alilowaambia polisi lilikuwa, "Nimemuua shemeji yangu."

Neno hilo lilimlaza mahabusu. Mkuu wa kituo hakuona la kuchunguza zaidi. Kipofu kakosea njia, mtu kafa, mwenyewe kakiri; kesho asubuhi apelekwe mahakamani kwa kosa la kusababisha kifo kwa uzembe. Inspekta aliomba siku moja. Alipewa kwa shingo upande.

"Afande, tazama huu mkanda," Koplo alisema, akiinama kwenye kiti cha mbele. "Umekatwa. Haukukatika, umekatwa, na kisu kikali. Mtu asiyeweza kuogelea kwa miguu unamkatia mkanda wake, si unamuua?"

Inspekta aliushika mkanda, akaugeuza kwenye mwanga. Mkato ulikuwa mmoja, wa mshazari, na ulianzia upande wa ndani.

"Umwite yule wa boti ya uokozi."

Mwendesha boti ya uokozi aliitwa Mzee Injini, ingawa mvi zake zilikuwa za kuhesabika. Aliingia akijifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe, akasimama mbali na mashua.

"Mkanda huu nani aliukata?" Inspekta aliuliza.

"Mimi, mkubwa. Mashua ilikuwa imepinduka, yeye yuko chini, amefungwa kitini. Nilipiga mbizi nikapitisha kisu kati ya tumbo lake na mkanda. Nilichelewa."

"Kwa nini hakujifungua mwenyewe? Si una kifungo cha kuvuta?"

"Daktari alisema aligonga kichwa kwenye mlingoti. Hakujua hata kwamba yuko majini."

"Boti yako ilikuwa wapi walipogonga?"

Mzee Injini alikitazama kitambaa chake. "Ndani ya bandari. Upande wa pili wa ukuta."

"Boti ya uokozi huwa inakaa ndani ya bandari wakati wa shindano?"

"Si kawaida. Nilikuwa na kazi ya wageni."

"Kazi gani?"

"Za wageni, mkubwa. Peleka hiki, leta kile."

Inspekta alimruhusu aende, akamsikiliza mpaka viatu vyake vya mpira vilipoacha kulia kwenye zege. Kisha akarudi kwenye omo, pua ya mashua, akaweka kiganja mahali palipopasuka.

"Koplo, gari likikosa breki mteremkoni, huwa linagonga vipi?"

"Ovyo. Ubavu, kona, popote."

"Hii imegonga pua. Ubavuni hakuna hata mkwaruzo. Na ona, kamba ya tanga bado imekazwa hapa kwenye kishikio. Mtu aliyepotea hulegeza tanga, hupunguza mwendo, husikiliza. Huyu alikwenda moja kwa moja na tanga limejaa."

Koplo alizima tochi. "Kwa hiyo alikusudia."

"Sijasema hivyo. Nasema alikuwa na hakika."

*

Ofisi ya Mwenyekiti wa klabu ilikuwa ghorofani, yenye dirisha kubwa linalotazama bandari. Kutoka pale ukuta wa mawe ulionekana wote, mrefu kupita kimo cha mtu, ukiitenga bahari na maji matulivu ya ndani. Nje ya ukuta, mbali kidogo, boya jekundu lilikuwa likipanda na kushuka kwenye ukungu.

"Karibuni, karibuni! Chai? Hata maji? Basi ketini." Mwenyekiti alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya mkutano wa hadhara. Juu ya meza yake kulikuwa na picha kubwa zilizosafishwa karibuni, zikingoja fremu. "Samahanini kwa fujo. Picha za Jumamosi. Mpiga picha alizileta kabla hatujajua tufanye nini nazo. Mtu unasherehekea au unaomboleza, hata hujui."

Inspekta alizipitia moja moja huku akiuliza. Puto. Turubai. Mtoto kwenye kiti cha magurudumu akiwa amebeba kombe kubwa kuliko kifua chake. Mfadhili mkuu, mwanamume wa suti ya rangi ya maziwa, amesimama gatini akicheka, ameinua kengele nyekundu kwa mikono miwili, na watu wamemzunguka wakipiga makofi.

"Asiyeona anajuaje boya liko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Kwa sauti. Boya la kwanza lina honi, la pili lina filimbi, la tatu lina kengele. Wimbi likilitikisa, kengele inalia. Mtu anaifuata, anazunguka, anarudi nyumbani."

"Na mwenzake anayeona?"

"Haruhusiwi kumwelekeza. Hiyo ndiyo heshima ya shindano. Halafu yule wa mbele anakaa chini, tanga limemziba. Anaona anga na kamba zake basi." Mwenyekiti akasogeza kiti, akashusha sauti ikawa kama ya mtu wa kawaida. "Inspekta, mimi si mtu wa umbeya. Lakini asubuhi ya Jumamosi wale wawili waligombana. Hapa chini, kwenye banda, kila mtu alisikia. Marehemu alimwambia shemeji yake, 'Wewe utakuja kunizika.' Maneno hayo hayo."

Koplo alimtupia Inspekta jicho.

"Waligombania nini?"

"Sijui. Mambo ya nyumba moja. Wanaishi pamoja, mume, mke na mdogo wa kiume wa mke. Mke mwenyewe ndiye mratibu wa mashindano haya, na bila yeye kusingekuwa na kitu. Mwanamke wa chuma. Alizunguka ofisi za watu miaka mingi kwa ajili ya mdogo wake na mume wake." Akatikisa kichwa. "Sisi kama kamati tumeshaamua. Hakuna tena asiyeona kushika usukani kwetu. Tulijaribu kuwa wema, tumeona matokeo."

"Na wenye macho wakigonga ukuta mtawafungia pia?" Koplo aliuliza.

"Bibie, usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa vizuri, mzee wangu. Ndiyo maana nauliza."

Inspekta aliirudisha picha ya mfadhili juu ya nyingine, akainyoosha mpaka kona zikalingana. Kisha akashukuru na kuaga.

*

Nahodha alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu, mgongo wima, mikono magotini. Alikuwa mtu wa makamo, mkavu, mwenye shavu lililochubuliwa na mawe. Mlango ulipofunguliwa aligeuza sikio kwanza, uso ukafuata.

"Wawili," alisema. "Mmoja amevaa viatu vipya."

"Vipya na vinabana," Koplo alisema. "Pole, kaka."

"Nimeshapoa, dada. Tumalize. Andikeni nimekosea, nitie dole gumba nipumzike."

Inspekta aliketi kwenye ncha ya pili ya benchi. "Kwanza niambie mligombania nini Jumamosi asubuhi."

Kitu kama kicheko kilipita mdomoni mwa Nahodha, kikafa hapo hapo. "Sigara."

"Sigara?"

"Niliacha. Yaani mke wangu anajua niliacha. Shemeji alinikuta nyuma ya banda navuta, akasema atanichoma kwa dada yake. Nikamwambia mtu mzima hovyo, mbeya, hana mke ndiyo maana anachunga waume wa watu. Akasema, 'Na moshi wako huo, wewe utakuja kunizika,' maana kifua chake kilikuwa kibovu. Dakika mbili baadaye tulikuwa tunagawana mkate. Ndivyo tulivyokuwa. Tungekaa siku nzima bila kutukanana, mmoja angeitiwa daktari."

Koplo aligeuka kutazama ukuta.

"Nieleze tangu boya la pili," Inspekta alisema.

"Tulilizunguka vizuri. Nikageuza kuelekea la tatu. Naijua kengele ile, nimeifuata mazoezini hata sijui mara ngapi. Nikatega sikio, hamna. Nikangoja. Hamna. Nikafikiri upepo unaichukua sauti. Halafu ikaanza kulia, lakini mkono wa kulia zaidi kuliko nilivyodhani. Nikajiambia, mjinga wewe, umesukumwa na maji. Nikarekebisha."

"Ililiaje?"

"Haraka haraka. Kama ya shule, watoto wanapoitwa darasani."

"Siku zote hulia hivyo?"

Nahodha alifikiri. "Hapana. Hulia kwa kuvuta. Moja... halafu nyingine. Lakini bahari hubadilika, afande."

"Shemeji yako hakusema kitu?"

"Alisema 'geuza'. Mara moja, kwa sauti kubwa. Nikamwambia afunge mdomo, tutafutiwa ushindi. Maana sheria inakataza." Aliibana mikono kati ya magoti. "Yeye alikuwa na macho na mimi nikamwambia afunge mdomo. Sasa mnataka nini zaidi? Masikio yangu ndiyo kazi yangu, na siku hiyo yalinidanganya, na mtu amekufa. Andikeni."

"Bado," Inspekta alisema, akasimama.

Nje ya mlango Koplo alimshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Afande, huyu kama ni muuaji basi mimi ni askofu."

"Twende tukaisikilize hiyo kengele."

*

Mzee Injini aliwapeleka. Boti ilipita mdomo wa bandari, ikazunguka mwisho wa ukuta, na mara mawimbi ya nje yakaanza kuwainua na kuwashusha. Koplo alishika ukingo kwa mikono yote miwili, uso umembadilika rangi.

Walipofika karibu na boya Inspekta aliomba injini izimwe. Kengele ililia. Ikanyamaza kwa muda mrefu boya likishuka. Ikalia tena.

"Jumamosi bahari ilikuwaje?"

"Hivi hivi," Mzee Injini alijibu. "Upepo ulikuwa juu kidogo. Mawimbi haya haya."

"Isogeze boti."

Inspekta alishika mkono wa chuma wa boya, akainama. Boya lote lilikuwa limepakwa rangi nyekundu kwa ajili ya mashindano, na aliyepaka hakuwa na subira: alipitisha brashi juu ya kila kitu, chuma, kengele, hata nati nne zilizoishikilia kengele. Rangi ilikuwa nzima kila mahali isipokuwa kwenye zile nati. Pale ilikuwa imemenyeka, na chuma kitupu kilianza kushika kutu. Alipitisha kidole. Kisha akakaa chini, akaifuta rangi kwenye leso yake, akaikunja.

"Mlipaka lini?"

"Juma lililotangulia mashindano. Mimi mwenyewe."

"Halafu ukazifungua nati."

Mzee Injini alikikunja kitambaa chake.

"Klabu ina kengele ngapi?"

"Hiyo moja."

"Nimeona picha," Inspekta alisema kwa sauti ile ile ya chini, kama anayeuliza bei. "Mfadhili amesimama gatini, ndani ya bandari, na kengele nyekundu mkononi. Anaitikisa kweli kweli. Kama mtu anayeita watoto darasani."

Boti iliyumba. Kengele ikalia juu ya vichwa vyao. Mzee Injini alijishusha taratibu kwenye sanduku la vifaa, kitambaa chake kikaanguka asikiokote.

"Mfadhili alikuwa na safari," alisema. "Alitaka kuondoka mapema. Kengele ni zawadi yake, jina lake limechongwa pembeni. Nikaambiwa, nenda kailete haraka apigwe picha nayo kabla hajaondoka, halafu uirudishe. Nikasema wale wa shindano la mwisho bado wako majini. Nikaambiwa upepo ni mdogo, wako mbali, utawahi. Na kweli walikuwa mbali, mkubwa. Kwa macho yangu walikuwa mbali. Upepo ukaongezeka nikiwa gatini."

"Ukasimama pale ukitazama anavyoipiga."

"Sote tulitazama. Walikuwepo watu mia gatini, na ukuta uko mbele yetu, hatuoni nje. Hakuna aliyefikiri. Boya si liko pale pale, linaonekana, jekundu? Mimi nilidhani nimechukua kengele. Kumbe nimechukua boya."

"Ukaisikia mashua inapogonga?"

"Tulisikia kishindo. Watu walidhani ni fataki."

Koplo alikohoa. "Na kuirudisha?"

"Nilikuwa nayo miguuni wakati namtoa marehemu. Jioni, watu walipoondoka, nikaenda nikaifunga. Sikuwa naficha, dada yangu, naapa. Nilikuwa nimeambiwa niirudishe. Baadaye watu wakaanza kusema kipofu kakosea, na yeye mwenyewe anasema hivyo hivyo, nikangoja mwenye amri aseme. Ukingoja kidogo, kesho yake kusema kunakuwa kugumu zaidi."

"Nani alikutuma?" Inspekta aliuliza.

Mzee Injini alitazama ukuta wa mawe, ambako alama nyeupe ya mashua bado ilionekana juu ya mstari wa maji.

"Mtu ambaye sikuweza kumchongea, mkubwa. Nilikula kwake msibani."

*

Alikuwa kwenye benchi la mapokezi kituoni, kama alivyokuwa kila siku tangu msiba, hotipoti magotini na khanga nyeusi kichwani. Mratibu wa mashindano, mke wa Nahodha, dada wa marehemu. Askari wa zamu walikwisha kumzoea. Walimwita mama, wakimwachia ile sehemu ya benchi isiyovujiwa.

"Afande," alisema akisimama. "Leo wataniruhusu nikae naye mpaka ale? Jana wameniambia hakugusa."

"Ingia kwanza ofisini, dada."

Alikaa. Hotipoti aliiweka juu ya meza, akaihamisha, akairudisha magotini. Koplo alifunga mlango na kusimama dirishani. Inspekta alitoa leso mfukoni, akaikunjua mezani. Ilikuwa na doa jekundu la rangi na kutu.

"Nimetoka kwenye boya la tatu," alisema. "Ningependa unisimulie wewe. Nikiuliza mimi, itaandikwa kwamba uliulizwa."

Mwanamke alilitazama doa kwa muda. Hakulia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kulia machozi yote.

"Amesema Mzee Injini?"

"Hakukutaja jina."

"Mtu mwema yule." Alinyoosha khanga yake. "Mfadhili alitazama saa. Mimi namjua mtu anapotazama saa namna ile, ameshaondoka, umebaki mwili tu. Na hakuwa ametamka ahadi mbele ya kamera. Nikaona yote tuliyohangaikia yanapanda gari yanakwenda. Nikasema leteni kengele, apige picha na jina lake, atafurahi, atasema. Na alifurahi. Alisema. Mashua zote tulizoomba, alizitaja hadharani."

"Ulijua mumeo yuko majini."

"Nilijua. Nilitazama kutoka dirisha la ghorofani nikaona matanga yako mbali. Nilitazama, afande. Mimi ndiye niliyeishi na mtu asiyeona ujana wangu wote. Sihamishi kiti nyumbani bila kumwambia. Sifungi mlango nusu. Na siku hiyo nikatazama kwa macho nikaridhika."

Koplo alisogea kutoka dirishani. "Ulielewa lini?"

"Walipomlaza mdogo wangu gatini. Kengele ilikuwa ndani ya boti, pembeni yake."

"Na mumeo akasema ni yeye," Inspekta alisema.

"Alisema kabla sijafungua mdomo." Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka walilazimika kuinama. "Nilisema nitamwambia baada ya mazishi. Baada ya mazishi nikasema nikiongea, mfadhili atajitoa, klabu itafunga kila kitu, na mdogo wangu atakuwa amekufa bure. Nikajiambia hakimu atamhurumia, kipofu, hajui. Nikamwachia abebe. Kila siku namletea chakula, ananiuliza, 'Mke wangu, nilisikia vibaya?' Namwambia labda ni upepo."

Mvua ilipiga dirisha. Inspekta alivuta karatasi ya maelezo, akafungua kalamu, kisha akaiweka chini bila kuandika.

"Maelezo yako nitayachukua, na ya Mzee Injini, na yatakwenda pamoja. Nini kitafuata si mimi nitakayeamua. Lakini mumeo hatapandishwa kizimbani kesho kwa jambo hili. Nataka alisikie sasa hivi, na kwangu au kwako ni uamuzi wako."

"Kwangu," alisema.

Nahodha aliletwa. Alisimama katikati ya chumba, akanusa. "Umeleta wali," alisema, na uso wake ukalegea kidogo. "Mbona uko ofisini? Wanakusumbua?"

"Keti, baba."

"Nitasimama. Nimekaa mno."

Akamwambia. Hakuzunguka. Alisema kengele haikuwa kwenye boya, alisema ilikuwa gatini, alisema ni yeye aliyeagiza, na kwamba alijua tangu siku ile ile. Nahodha alisikiliza bila kugeuza kichwa. Mkewe alipomaliza, Koplo alishusha macho.

"Kwa hiyo niliifuata kengele yenyewe," Nahodha alisema mwishowe.

"Yenyewe."

"Ile haraka haraka ni mtu aliyekuwa anaipiga."

"Ndiyo."

"Na makofi?"

Mkewe alishika hotipoti. "Makofi gani?"

"Kulikuwa na makofi. Mengi, mbele yetu. Sikumwambia afande, nilidhani ni mawimbi yananichezea." Alilamba midomo. "Mlikuwa mnapiga makofi?"

"Ndiyo."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Nahodha aliitikia kwa kichwa, pole pole, kama mtu anayepewa maelekezo ya njia. "Nilidhani tunashangiliwa sisi," alisema. "Ndiyo maana nilimwambia akaze tanga."

Mwanamke alisimama, hotipoti ikabaki kitini. Akazunguka meza, akanyoosha mkono kuushika mkono wa mumewe, pale pale juu ya kiwiko alipozoea kumshika. Alipomgusa, Nahodha alirudi nyuma hatua moja, bila hasira, akapapasa hewani upande wa pili mpaka akagusa ukanda wa sare.

"Viatu vipya," alisema. "Dada, nipe bega lako. Unitoe nje."

Koplo alimtazama Inspekta. Inspekta alikuwa ameinamia karatasi ya maelezo na sasa alianza kuandika. Koplo akasogeza bega, Nahodha akalishika, wakatoka wawili kwenye ukumbi wenye kelele za mvua, taratibu, yeye akikitafuta kizingiti kwa mguu.